Nimetafsiri fomu ya kupima wagonjwa wa kansa wanavyoumia kwa mwili kubadilika, majibu yanakuja sifuri tupu. Nimekosea wapi?

Sista wa Ukonga

Habari za usiku wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi ni nesi nipo Dar, nasoma masta huku nafanya kazi, kwa hiyo mkiona nimeandika saa tano usiku mjue ndo nimetoka shifti na foleni ya Gongo la Mboto imenimaliza. Naomba mawazo yenu maana supavaiza wangu yupo safarini na mimi kichwa kimegoma.

Utafiti wangu ni juu ya wagonjwa wa kansa na vile wanavyoumia moyoni kwa sababu ya mwili kubadilika. Yaani mtu amekatwa ziwa, au nywele zimenyonyoka zote, au mionzi imemuunguza ngozi imekuwa kama sehemu ya chini ya sufuria, au katobolewa tumboni kawekewa mfuko wa choo. Wodini tunaliona kila siku ila kwenye faili hakuna sehemu ya kuliandika, tunaandika presha, joto, uzito, maumivu, basi. Nikasema ngoja nitafute kipimo. Nikapata fomu inaitwa Body Image Scale, ya Uingereza, ya kina Hopwood mwaka 2001 wakishirikiana na EORTC, lile shirika la utafiti wa kansa la Ulaya. Fupi, maswali 10, kila swali linajibiwa 0 mpaka 3, ukijumlisha unapata kati ya 0 na 30 na ukiwa juu ndo unaumia zaidi. Ishatafsiriwa Kireno, Kigiriki, Kikorea, Kiholanzi na lugha nyingine kibao. Nikaomba ruhusa kwa wenye nayo nikapewa nikaanza.

Utaratibu nimefuata, msiseme sijafuata. Watafsiri wawili kila mtu kivyake, tukakaa tukaziunganisha, akaja wa tatu ambaye hajawahi kuiona ile ya Kiingereza akairudisha Kiingereza, tukalinganisha na ya asili, ilirudi vizuri mpaka nikajisifu. Kamati ikapitisha. Kibali cha maadili ninacho.

Sasa nimeijaribu kwa kina mama 12. Sifuri, moja, moja, mbili, sifuri. Mmoja tu kafika 9. Na hawa watu nawajua! Kuna mama hatoki nje bila mtandio hata kwenda kuanika nguo uani, mume kahamia chumba cha pili, kanisimulia mwenyewe analia, halafu namsomea fomu ananijibu hapana, hapana, hapana, namshukuru Mungu. Jumla 1. Moja!

Na kuna maswali nikiuliza wananiangalia kama nimewatukana. Nawawekea manne muone:

Je, umejiona uke wako umepungua kwa sababu ya ugonjwa au matibabu?
Je, umepata ugumu kujitazama ukiwa uchi?
Je, umehisi matibabu yameufanya mwili wako usiwe mzima?
Je, hujaridhika na mwonekano wako ukiwa umevaa nguo?

Majibu ya kuchagua ni hapana kabisa, kidogo, kiasi, sana. Yote yanaulizia wiki iliyopita.

Mwenzangu mmoja ofisini kaniambia usihangaike, andika hivyo hivyo kwamba wanawake wa Kiafrika ni wastahimilivu, hawasumbuliwi na mambo ya mwili kama Wazungu, kwenye tasnifu itapendeza. Mimi roho inakataa. Ni kweli hawaumii au fomu ndo mbovu?

Karani Mtaani

Sista pole na foleni. Kazi yangu ni kutafsiri, hati za mahakama, vipeperushi vya vyandarua, makaratasi ya miradi, nipo hapa Magomeni miaka. Nimesoma hayo maswali nikacheka halafu nikaacha kucheka.

Tuanze na hilo la uke. Kamusi inasema uke ni hali ya kuwa mwanamke, ni kweli, na mtafsiri wako kafungua kamusi. Ila mama wa Mbagala ukimtajia uke anajua unasema kiungo. Sasa wewe umemkalisha mama wa watu ukamuuliza kama kiungo chake kimepungua. Atakujibu hapana tena haraka haraka, na moyoni anamshangaa mama aliyekuzaa. Hilo sifuri lako halijapima chochote hapo, limepima adabu yake tu. Na kwa nini kurudisha Kiingereza hakukulikamata? Kwa sababu aliyerudisha naye msomi, kaona uke, kaandika lile lile neno la Kiingereza la mwanzo, mkafurahi wote. Njia hiyo mtafiti mmoja, Brislin, aliiandikia mwaka 1970 na watu mpaka leo wanaishika kama bima, wakati yenyewe inakuonyesha kama watafsiri wenu wanaelewana wao kwa wao. Mgonjwa hayumo humo.

Twende la tatu, mzima. Dada, mzima kwetu ni salamu! Mzima? Mzima, sijui wewe. Mzima ni asiyeumwa, mzima ni aliye hai, mzima ni mtu mkubwa. Mgonjwa anapambana na kansa halafu anakuja mtu wa hospitali kumuuliza kama mwili wake si mzima, wewe ungejibuje? Anajikaza anasema mimi mzima, naendelea vizuri, kwa sababu akisema si mzima ni kama anajitabiria. Swali la Kiingereza linauliza kama anajiona kuna kitu kimeondoka mwilini, kamekosekana kajipande. Hapo pana kazi, sina jibu la haraka, nikipata nitarudi.

Ila la nne ndo limenitisha zaidi maana halionekani. "Hujaridhika?" Mtu asiyeridhika anakujibu nini? Mwingine anasema ndiyo, yaani ndiyo sijaridhika. Mwingine anasema hapana, yaani hapana sijaridhika. Yule wa pili wewe unamwandikia hapana kabisa, 0, kumbe alitakiwa 3! Kiingereza kina neno la kutoridhika ambalo halina kanushi ndani ya kitenzi, sisi kanushi yetu imekaa mbele kabisa ya kitenzi, mtu anaijibu hiyo hiyo. Swali lolote lenye hu- mwanzoni litoe. Sema umechukizwa, umekosa raha, umejisikia vibaya, chochote kinachosimama chenyewe bila si wala hu.

Halafu wiki iliyopita. Leo Jumatano, wiki iliyopita ni ile iliyoisha Jumapili, si ndo? Andika siku saba zilizopita mpaka leo. Kadogo ila kanaharibu.

Uchi nalo kali. Na ujiulize huyo mama anajitazama wapi. Nyumba nyingi za kupanga kioo ni kile cha kuchania nywele, kinakuonyesha uso na shingo basi, bafu lipo uani la kugombania na wapangaji wenzio na kigiza chake. Akikwambia sina shida kujitazama yawezekana hajawahi kujitazama. Jaribu "unapooga au kubadili nguo, unapata shida kuuangalia mwili wako".

Kokotoa

Salaam. Karani kamaliza la lugha, mimi naongeza la hesabu, mtanisamehe kama nitakuwa mrefu.

Sista kwanza watu 12 ni wachache kwa takwimu ila ni wengi kabisa kwa kusikiliza, na hapo ulipo ulitakiwa kusikiliza. Umewasomea maswali umechukua namba. Hatua hii inataka umuulize, hili swali umelielewaje, liseme kwa maneno yako, ulipojibu kidogo ulikuwa unafikiria nini. Mtu akilirudia swali kwa maneno yake ndo utajua alisikia nini, na mara nyingi kasikia jingine kabisa. Hiyo hatua watu wengi wanairuka kwa sababu inachosha na haitoi jedwali.

Pili, utakapofika kwenye sampuli kubwa usije ukadanganyika na alfa ya Cronbach. Ile ya asili walipata 0.93, ipo juu sana, na huku kila mtu anataka ivuke 0.70 aandike fomu ni imara. Alfa inakwambia maswali yanakwenda pamoja. Kama kuna kina mama wanasema hapana kwa yote kumi kwa aibu na wengine wanasema kidogo kwa yote kumi kwa kuchoka, alfa itapanda vizuri tu na hujapima unachotaka. Kwa hiyo angalia na vitu vingine. Linganisha na fomu nyingine inayogusa jambo hilo, mfano ile QLQ-BR23 ya EORTC ya kansa ya matiti ina maswali manne ya mwili humo ndani. Weka na PHQ-9 ya sonona, hiyo ya Kiswahili ilishajaribiwa Kenya kwa wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo tangu 2006, ujue tu ni Kiswahili cha Kenya, ipitishe kwa watu wako kwanza. Walioondolewa ziwa lote walinganishe na walioondolewa uvimbe tu. Kama fomu haioni tofauti yoyote hapo, ina kasoro.

Tatu na hili ndo jibu la mwenzako wa ofisini. Ili useme wanawake wa Dar wanaumia kidogo kuliko wa Uingereza lazima mizani iwe moja. Chukua mizani mbili, moja ipo Kariakoo moja Tandale. Kwanza zote zipime uzito, siyo moja uzito moja urefu. Pili kilo moja ikiongezeka zote zisogee sawa. Tatu zote zianzie sifuri pale pale. Sasa kama ya Tandale mwenye nayo kaichakachua inaanzia nusu kilo chini, unaweza kulinganisha magunia ya Tandale kwa Tandale bila shida, ila ukisema gunia la Tandale jepesi kuliko la Kariakoo umeongopa. Fomu ni hivyo hivyo. Maumivu yale yale, mtu wa lugha moja anaandika 2, wa lugha nyingine kwa haya anaandika 0, mizani yake inaanzia chini. Hili lina vipimo vyake vya kitakwimu na vinataka watu mamia wa pande zote mbili, wewe na masta yako hutavifikia na hakuna atakayekulaumu. Ila basi usilinganishe. Huo ustahimilivu wa Kiafrika usiuandike, maana hujaupima.

Ya mwisho, ile fomu ilijaribiwa kwanza kwa wagonjwa 276 wa kansa mchanganyiko, kisha ikapimwa kwa wagonjwa 682 wote wa kansa ya matiti, wa Uingereza. Kwetu wanawake wengi ni kansa ya shingo ya kizazi. Yule hana mshono kifuani wala nywele hazijatoka, wengi wanapigwa mionzi, shida yake ni uchafu unaotoka, harufu, na tendo la ndoa. Na humo kuna swali la kovu, utamuuliza kovu gani? Angalia kati ya hao 12 wangapi ni wa aina hiyo.

Mama Wawili

Nawasoma kimya kimya ila hapa nimeshindwa. Mimi ndo hao mnaowapima. Nilikatwa ziwa la kushoto, nikapiga dripu, nikapiga mionzi siku nyingi tu pale Ocean Road, sasa nipo vizuri nauza vitenge Temeke.

Mdogo wangu sista, fomu kama hiyo nilishawahi kuulizwa, hospitali siitaji. Kijana wa kiume, mdogo wa umri wa mwanangu wa kwanza, kanisimamisha kwenye korido tukakaa benchi, kulia kwangu mama mkwe kanisindikiza, kushoto watu wanasubiri dawa. Shikamoo mama, nikaitika marahaba, akafungua karatasi akaanza kuniuliza kama najiona navutia. Navutia! Mbele ya mama mkwe! Nikasema hapana kwa kila kitu nimalize niondoke. Hata hakuniangalia usoni alikuwa anaweka alama. Sasa huko mlikopeleka hayo majibu sijui mmesema mimi ni mstahimilivu.

Na kuna kitu wasomi hamkisemi. Mgonjwa wa kansa akishavuka anaona kulalamikia ziwa ni kufuru. Wenzangu niliokaa nao kitanda kwa kitanda wawili wamekufa, mimi nipo, leo nije niseme nachukia mwili wangu? Mungu atanionaje. Kwa hiyo tunasema alhamdulillahi, wengine bwana asifiwe, hatudanganyi, tunashukuru kweli na tunaumia kweli kwa pamoja. Fomu yenu inataka nichague.

Hilo swali la ukiwa umevaa nguo, mimi nikivaa dera hakuna anayejua chochote. Nguo ndo rafiki yangu. Shida yangu ni kukumbatiwa. Kwenye kitchen party mtu anakuja mbio anakukumbatia kwa nguvu na wewe unajua kile kitambaa ulichokunja kwenye sidiria kimesogea mpaka kwapani. Nimeacha kwenda. Singo nilikuwa napenda mimi kuwasinga mabibi harusi na kusingwa mwenyewe, nayo nimeacha, maana kule ni kuvua. Mjukuu nikimfunga mbeleko mgongoni nikaukaza mtandio kifuani upande mmoja unazama. Hayo hayamo kwenye hayo maswali kumi, au yamo?

Na kukonda. Hamjaandika kukonda hata mara moja. Ukikonda mtaani kwetu hakuna anayefikiria kansa, wanasema ana ule ugonjwa. Nilijificha kwa sababu ya hilo kuliko ziwa.

Kovu nalo, mimi kovu ni la kuungua chai au kuanguka na bodaboda. Hii yangu naita mshono mpaka leo na umeshapona miaka.

Karani Mtaani

Mama Wawili asante sana, umenifundisha zaidi ya semina. Mshono! Na mimi ningeandika kovu bila kufikiri mara mbili.

Sista ongeza maswali. Kukonda, harufu, kukumbatiwa, tendo la ndoa ulisemee vizuri siyo kwa kuruka ruka. Ifanye fomu ya kwetu.

Kokotoa

Karani pole pole. Akiongeza ndani ya zile kumi au akizibadilisha mpaka zisijulikane, hana tena kipimo kile, ana kingine kipya ambacho hakijathibitishwa popote, na ruhusa aliyopewa ni ya kutafsiri. Zile kumi zibaki kumi, maana zibaki na maana ile ile hata maneno yakibadilika. Hayo ya kwetu ayaweke chini ukurasa wa pili, ayahesabu peke yake. Akija kuona kukonda kunaumiza kuliko yote kumi, hilo ni jambo la kuandika lenyewe tena zuri.

Karani Mtaani

Unalinda namba. Mama hapo juu kakwambia shida yake haimo ndani ya kumi.

Kokotoa

Silindi namba mkuu, namlinda asije akafeli utetezi. Na siyo kwamba haimo yote. Lipo swali la kuwakwepa watu kwa sababu ya unavyojiona. Kuacha kwenda kitchen party ndo hilo hilo. Tatizo limeulizwaje. Ukimuuliza mtu "je, umewakwepa watu" anasema hapana kwa sababu kukwepa watu ni ukorofi au una deni, mtu mstaarabu hakwepi watu. Ukimuuliza kuna mahali umeacha kwenda, atakutajia.

Dogo wa Tegeta

Samahani nimechelewa kwenye uzi. Mzee wangu ana kansa ya tezi dume, anachomwa sindano za kupunguza homoni za kiume. Kifua kimeanza kumtuna kama msichana na anatoka jasho la ghafla usiku. Hataki kuvua shati hata nyumbani na joto lote hili la Januari. Nauliza hiyo fomu ni ya wanawake tu? Maana kama mtafsiri kaandika uke kwa wanawake basi kwa wanaume kaandika uume, na mzee wangu akiulizwa kama uume wake umepungua na nesi mdada sidhani kama atabaki kwenye kiti 😂

Sista wa Ukonga

Dogo nimecheka kwa sauti hapa wodini. NDIYO kaandika uume. Fomu ni ya wote, swali hilo kwa Kiingereza lina mkwaju katikati, kama mwanamke au kama mwanaume, unachagua. Sijawafikia wanaume bado nashukuru Mungu.

Nimewasoma wote, nipeni siku kadhaa.

Sista wa Ukonga

Nimerudi baada ya wiki mbili na kitu, samahani, zamu za usiku.

Nimefanya hivi. Nimeomba kichumba cha ushauri nasaha mchana kinapokuwa tupu. Ndugu anabaki nje. Anayeuliza ni mhudumu mwanamke mtu mzima, mimi naandika tu maana wakiniona na sare wanaanza kunishukuru. Kabla ya swali la kwanza anasema maneno mafupi kwamba mtu anaweza kushukuru kupona na bado akaumia kwa mwili ulivyobadilika, yote mawili ni sawa. Mama Wawili hiyo nimeiba kwako. Kokotoa najua utasema nawaongoza, ila ni mara moja mwanzoni na kwa wote sawa sawa, kwenye maswali yenyewe hatuongezi neno.

Maneno. Swali la kwanza lile la kujihisi unatazamwa, vijana wamelichukua mara moja nikisema kujishtukia. Kina bibi hapana, bibi mmoja wa Kilwa alidhani nauliza kama anashtuka usingizini. Nimeweka "umejishtukia au kuona haya kwa jinsi unavyoonekana", ndefu ila wote wanaipata. La uke sasa ni "umejiona si mwanamke kama ulivyokuwa mwanzo", na nikagundua nimeweka si tena, Karani utanipiga. Nikabadilisha "umejiona uanamke wako umepungua". Uanamke wameuelewa hawajacheka. Kwa wanaume uanaume, hapo mhudumu wa kiume ndo atauliza.

Majibu manne nayo nimeyajaribu. Nilichukua vifuniko vya soda nikaandika maneno, nikawaambia wapange kuanzia dogo kwenda kubwa. Hapana kabisa na sana hakuna shida. Kidogo na kiasi wamenipangia kila mtu anavyojua! Wengine kiasi ipo chini ya kidogo, kwamba naumwa kiasi tu. Mama mmoja wa Shinyanga kaniambia kwake hayo mawili ni kitu kimoja. Nikajaribu "kidogo", "wastani", "sana", bado. Kilichokaa ni kidogo, kiasi kikubwa, sana sana, halafu pembeni glasi nne za maji zimechorwa, tupu, robo, nusu na kitu, imejaa. Wasiosoma wananyooshea glasi kidole.

Yule mama wa mtandio nimemrudia. Swali la kuoga na kubadili nguo alikaa kimya, nikadhani hajasikia. Akasema mwanangu mimi naogea gizani. Akanyooshea glasi iliyojaa. Jumla sitaiandika hapa ila siyo 1.

Na bado sifuri zipo, tena zimebaki nyingi kuliko nilivyotegemea. Kuna bibi nimemuuliza yote tena kwa utulivu, ametulia kabisa, ananiambia ziwa lilishanyonyesha saba limemaliza kazi yake. Huyo sifuri yake naiamini.

Nimekwama kwenye mzima. Nimejaribu "kukamilika", wanasema anayekamilika ni Mungu. Nimejaribu "mwili umepungua", wanadhani nasema wamekonda, na baada ya maneno ya Mama Wawili hilo sitaki kulichanganya kabisa. Jumatatu natuma kwa kamati. Mwenye neno anisaidie.

Mama Wawili

Sisi tuliokatwa tukiwa wenyewe tunasema nina pengo. Kama la jino.

Sista wa Ukonga

Pengo! "Umejiona mwili wako una pengo tangu utibiwe." Mama asante, kesho asubuhi najaribu kwa watano.

Dogo wa Tegeta

Kwa mzee wangu haitakubali hiyo. Yeye hajatolewa kitu, yeye kaongezewa.